Kiwiko Changu Nirudishie

Kioko wangu,

Kabla hujasoma, keti. Ah, si lazima. Mwenye kizunguzungu humu ndani ni mimi, wewe hata ukisimama kwa mguu mmoja utaimaliza barua hii. Na usikimbilie jikoni kunichungulia. Niko salama, nasukuma chapati. Saa hii ninapoandika nimeshaukanda unga na kuufunika upumzike, wewe uko kwa kinyozi nilikokutuma, unatengenezwa kichwa cha kwenda nacho Kisumu, na barua nitaiweka juu ya begi lako uione ukiingia.

Najua utajiuliza, mathe ameanza lini kuniandikia na tunalala nyumba moja, tumetenganishwa na pazia? Nimeanza leo, kwa sababu nikisema kwa mdomo hunisikii. Unanitazama tu. Nikisema, "Kioko, nisikilize," macho yako yanapanda kwenye yangu kuona kama yanarukaruka, kisha unasema, "Mathe, uko fiti? Hebu kaa kwanza." Basi mazungumzo yamekufa. Karatasi haiwezi kuambiwa ikae.

Jambo lenyewe ni hili. Jana ulipokwenda nyuma kuanua nguo, nilikusikia kwa simu na shangazi yako Mwikali. Ulisema, "Anti, mimi nitangoja mwaka ujao. Siezi acha mathe solo na hizi maneno zake za kichwa." Kwanza, si maneno ya kichwa, ni ya sikio, miaka yote hii na bado hujajua kiungo? Pili, sikio la kushoto ndilo bovu. La kulia linasikia mpaka siri za ploti ya pili.

Chuo kimesema usiporipoti Jumatatu, nafasi anapewa mwingine. Hiyo nafasi umeiomba na kunyimwa, ukaiomba tena ukanyimwa, mpaka safari hii. Wewe ndiye uliyefungua friji ya Mama Halima ukiwa na miaka kumi na miwili kutafuta baridi inatoka wapi, na mimi ndiye niliyekaa naye siku mbili nikimtuliza huku maziwa yanaharibika. Mtu wa namna hiyo anaitwa kusomea mitambo ya barafu, halafu anasema atangoja kwa ajili ya sikio la mama yake? Nakwambia mapema nisikupotezee muda: unaenda.

Mambo ya kufua soksi na kuchagua marafiki sitayaandika. Soksi zako zinajulikana Kaloleni nzima na hazijawahi kusikia ushauri wangu. Nataka kukuambia nilivyokosea mimi, maana kwa hilo nina ujuzi wa kutosha.

Mambo haya yalinianza ukiwa darasa la tano. Baba yako alikuwa ametuacha mwaka mmoja tu nyuma, Mungu amlaze pema, nami nilikuwa nimepata nafasi ya cherehani kwenye kibanda cha mafundi Shauri Moyo, nashona sare za shule. Siku hiyo nilikuwa natia marinda kwenye sketi. Sikio la kushoto likajaa kama la mtu aliyetoka kuogelea, na mimi maji mengi zaidi niliyowahi kuingia ni ya beseni. Likaanza kupiga filimbi. Nikafikiri ni birika la muuza chai. Kisha cherehani ikaondoka kwenda upande wa kulia, ukuta ukaifuata, na mlango nao ukaona usibaki nyuma. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Tetemeko! Tokeni nje!"

Kioko, walitoka! Mafundi wote, futi shingoni, makasi mkononi. Yule mzee wa suti, ambaye kuinuka tu kitini humchukua nusu saa, alipitia dirishani na suruali ya mteja begani. Wakasimama barabarani wakingoja kibanda kianguke, watu wa mikokoteni ya kwenda Gikomba wanapita wakiwashangaa. Kibanda hakikuanguka. Aliyeanguka ni mimi, peke yangu chini ya meza, nimekumbatia mguu wa cherehani. Mpaka leo nikiingia pale hakosekani wa kuuliza, "Mama Kioko, leo tetemeko ni saa ngapi, tujipange?"

Kliniki ya kwanza ikasema ni malaria na taifodi, kwa maana hapa kwetu huruhusiwi kuugua kitu kingine kabla ya kumaliza hizo mbili. Nikameza dawa mpaka mdomo ukawa mchungu kama shubiri. Ya pili ikasema presha. Majibu ya tatu yalitoka kwa majirani wenyewe. Mjane anatapika asubuhi, anatembea ameshika ukuta, harufu ya mafuta ya kukaangia hataki. Mtaa ukafanya hesabu zake.

Ndipo akaja Mama Halima. Wakati huo alikuwa amehamia tu upande wa pili wa ukuta wetu, tunaamkiana na kupita. Nilijua tu kwamba anauza vitambaa kwa jumla na hapendi watoto wanaopiga mpira mlangoni, yaani wewe. Aliingia na bakuli la ukwaju, akaketi, akavuta pumzi, akanishika goti. "Jirani," akasema, "mimi sitaki kujua ni ya nani. Nataka tu ujue nitakusaidia kulea." Nilicheka mpaka kizunguzungu kikarudi palepale mbele yake, nikatapika karibu na viatu vyake. Naye akazidi kuamini. Miezi ilipopita bila tumbo kutokea ndipo aliponiomba msamaha, na tukawa ndugu.

Hayo yalikuwa makosa ya watu. Sasa sikia yangu.

Unalikumbuka kanisa letu wakati bado tunaabudu kwenye ukumbi wa mtaa, vile vipaza sauti vikubwa viko mbele, na mimi kwa ubishi wangu nakaa karibu navyo. Jumapili moja sifa zimepamba moto, ngoma, kinanda, kayamba. Mchungaji akashuka kuwaombea watu kwa kuwawekea mikono. Hakuwa hata amenifikia. Alikuwa ananyanyua mkono apanguse jasho. Sikio likajaa, filimbi ikalia, nami nikaenda chini mzimamzima.

Wamama walinizunguka wakanifunika leso miguuni, kama desturi, mtu asianguke na Roho kisha akaaibika. Nikawa nashika sakafu kwa kucha. Nilipotapika, kelele zikapaa: "Limetoka! Haleluya, limetoka!" Sikujua ni nini kilichotoka zaidi ya chai na mandazi ya asubuhi. Lakini nilipoweza kufungua macho niliona nyuso zote zimeniinamia kwa heshima ambayo sijawahi kupewa maishani mwangu. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yao, umebana mdomo, unaogopa.

Hapo ndipo nilipaswa kusema, ndugu zangu, ahsanteni, lakini nadhani naugua. Sikusema. Nilikuwa nimechoka kuwa mwanamke wa malaria, wa presha, wa mimba ya siri. Nikapenda kuwa mwanamke aliyeguswa. Nikatengewa kiti cha mbele. Nikawekwa kwenye kundi la waombaji. Nikaitwa kwenye mikesha, na usingizi ukikatika kizunguzungu hunijia mbio, kwa hiyo kila mkesha nilianguka, na kila nilipoanguka sifa zilipanda. Nilikuwa naugua kwa bidii na kupigiwa makofi.

Kilichonizindua ni msichana mmoja, mke wa kijana wa kuuza mayai. Alinijia baada ya ibada, midomo imempauka. "Mama Kioko, nami dunia inanizunguka. Niliambiwa niende hospitali, lakini nimesema kwanza uniombee wewe, maana imani yako ni kubwa." Mtoto wa watu anaacha hospitali kwa sababu ya uongo wangu! Nilimshika mkono hivyo hivyo na mavazi ya kanisani, nikampeleka mwenyewe. Kumbe damu ilikuwa imempungukia. Alitibiwa akapona, na siku hizi ukimsalimia anakujibu akiwa ameshapita kona mbili, kwa nguvu alizonazo.

Daktari alipokuwa anamwandikia dawa, akaninyooshea kalamu. "Na wewe, mama, mbona umeegemea ukuta tangu uingie?" Alikuwa kijana mdogo, ndevu hazijaamua kama zinaota. Akanilaza, akanigeuza kichwa, akayatazama macho yangu, akanituma nikapimwe masikio, akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mwisho akasema, "Mama, huna wazimu, huna mimba wala pepo. Ni sikio." Akanieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna maji yanayouambia ubongo kama umesimama au umelala, na yangu hujaa kupita kiasi na kupeleka habari za uongo. Haliponi kabisa, akasema, lakini linafugika. Nipunguze chumvi, nilale vizuri, nibebe vidonge. "Na zaidi ya yote, ukilisikia linajaa, keti kabla hujaangushwa."

Kioko, nililia. Nililia kwa furaha ya kupewa jina la kitu kinachonitesa. Nilinunua ndizi nikala njiani kuja nyumbani, nikihisi kama nimeshinda kesi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nikasimama nimeshika kiti. Nikasema, "Bwana asifiwe. Ile siku sikuanguka na Roho. Niliangushwa na sikio." Nikayasema yote, mpaka chai na mandazi. Nilidhani nitafukuzwa. Ndipo kutoka kona ya nyuma yule bibi yetu kipenzi, Nyanya Kalekye, akauliza kwa sauti yake ya kukwaruza, "Sasa nanyi mlitaka Roho aingilie wapi, puani?" Watu walicheka mpaka mchungaji akatoa leso kufuta machozi. Tangu siku hiyo kiti changu kiko mwisho wa safu, karibu na ukuta, mbali na vipaza sauti, na hakuna anayekikalia hata nikichelewa. Mambo niliyoogopa miezi yote ile yaliisha kwa kicheko cha dakika mbili.

Kwa hiyo huko uendako, ukiwa na shida, itaje kwa jina lake mapema. Watu wakikosa jina la shida yako watakutafutia la kwao, na hutalipenda. Au, vibaya zaidi, utalipenda kama nilivyolipenda mimi.

Kosa la pili ni zito kidogo, na linakuhusu wewe.

Baada ya daktari, tulikaa mezani mimi na wewe nikakufundisha yote. Mama akisema "limejaa", mkalishe. Usimtikise, usimpigie kelele, usimwambie apige moyo konde. Mletee beseni. Mwache atazame kitu kimoja kisichosogea, lile tundu la ufunguo la kabati, mpaka dunia irudi mahali pake. Ukanisikiliza kama askari. Na tukitoka nje, ukaanza kunishika kiwiko cha kushoto. Kuvuka Jogoo Road, kiwiko. Kushuka ngazi, kiwiko. Kuingia kanisani, kwenda bucha, kumsalimia mtu aliye hatua tano mbele yangu, kiwiko! Sweta zangu zote zimetoboka hapo. Mimi fundi wa nguo, natembea na kiraka upande mmoja, na wateja wananiuliza kama ni mtindo.

Nami nilipenda. Unajua mjane anavyotembea peke yake sokoni, halafu siku moja mtoto wake anamshika mkono mbele za watu, kimya kimya, bila kuombwa? Nilivimba kichwa. Nikasahau kwamba ulikuwa na miaka kumi na moja na una mambo yako.

Halafu ikaja ile fainali. Uwanja wetu wa Kaloleni, nyinyi na vijana wa Buruburu, wamekuja na jezi mpya na maji ya chupa. Wewe golikipa. Uliokoa mipira mitatu mikali mpaka Mama Halima, ambaye haelewi mpira, akawa anauliza kwa nini huyu mtoto anazuia vitu vya wenzake. Zimebaki dakika chache, hakuna aliyefunga. Mimi nimesimama pembeni na viatu vyangu vipya vya mitumba, vimenibana vidole bila huruma. Nikasema wacha nikae chini nivivue.

Nikakaa. Nawe ukaniona nikikaa.

Nilisikia watu wanapiga kelele, nikainua macho, nikakuona unakuja mbio, glavu mkononi, umeacha goli wazi kama mlango wa kanisa. Nyuma yako kijana wa Buruburu alikuwa anasukuma mpira taratibu, hata yeye haamini. Ukapiga magoti mbele yangu ukiwa unahema. "Limejaa? Mathe, limejaa?" Nami nimeshika kiatu. Nikasema, "Hapana, baba. Ni kidole."

Uwanja mzima ulicheka. Wenzako hawakucheka. Nawe hukukasirika hata kidogo. Ulinitazama macho, ukaona yametulia, ukasema "poa", ukarudi golini. Jioni ile kila mtu alinisifu, una mtoto wa dhahabu, nami nikapokea sifa kama nilivyozipokea kanisani. Ningekuambia siku ile: mwanangu, nikianguka kuna watu uwanja mzima wa kuniokota, lakini golini ulikuwa peke yako. Sikukuambia kwa sababu nilifurahi. Mpaka leo nikiona mtoto amevaa glavu za golikipa roho inaniuma. Nisamehe.

Sasa unataka kuliacha goli tena. Na mimi, Kioko, sijaketi hata kwa kidole.

Tukirudi kwenye mambo ya kuchekesha, maana sipendi kulia kwenye unga. Chumvi. Nilipoambiwa nipunguze, nawe ulikula chakula chapwa miaka yote bila kulalamika. Mahindi ya muthokoi bila chumvi! Hata wakwe hawapewi adhabu hiyo. Lakini usidhani sijui kikopo chako kiko wapi. Kiko nyuma ya redio. Nimekuwa nikikijaza mimi, ulidhani chumvi inazaana? Kesho kibebe, kitakufaa na samaki wa huko.

Na pia nilijifunza kwamba si lazima kitu cha kutazama kiwe tundu la kabati. Mwaka jana lilinijia stejini nikingoja matatu, wewe uko shule. Nikaketi kwenye ukingo wa saruji, nikachagua kiatu cha mwanamume mmoja aliyesimama hapo, nikakikazia macho. Kiatu cha kahawia, kamba mpya. Nikakitazama mpaka akaanza kujikuna. "Mama, unavipenda? Nilivinunua Gikomba, naweza kukuelekeza." Nikamwambia, "Usisogee, tafadhali. Nina ugonjwa wa sikio na kiatu chako ndicho kitu pekee kilichotulia Nairobi hii." Kioko, yule mtu alisimama pale kama sanamu. Gari lake likaja likaenda. Alipoona nimepata nafuu akauliza kama sasa anaweza kutikisa vidole. Dunia ina watu, mwanangu. Ukiwaambia ukweli, wengi watakusimamia.

Haya, nimefika kwenye jambo nililokuwa nalizunguka, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Unakumbuka Alhamisi nilipokutuma Gikomba ukatafute begi? Ulikawia, unabishana bei. Nilikuwa nimebeba beseni la mashati yako masafi nikayaanike. Nilipofika mlangoni, sikio likajaa. Sikungoja. Nikaweka beseni chini, nikaketi sakafuni papo hapo, mgongo ukutani. Nikaitafuta dawa kwenye mfuko wa aproni, ipo. Nikatazama tundu la kabati. Kabati likaondoka, likarudi, likaondoka. Lilikuwa kali, Kioko, sitakudanganya, kali kuliko yote ya mwaka huu. Nilikuita mara moja, kwa mazoea. Hukuwepo.

Basi nikaendelea kutazama tundu. Nikahema polepole. Nikatapika kwenye beseni, juu ya mashati yako, uniwie radhi, sikuwa na la kuchagua. Na baadaye, sijui ni muda gani, kabati likatulia. Nikangoja tena kidogo, kama daktari alivyosema. Nikajiinua kwa goti moja, kisha la pili. Nikachukua mwiko nikagonga ukuta mara mbili. Hukujua kama tuna mpango huo, mimi na Mama Halima: mara tatu, njoo mbio, mara mbili, limepita. Naye kutoka kwake akajibu kwa sauti, "Alhamdulillahi! Nilete chai?" Nikamwambia chai nitapika mwenyewe. Nikapumzika, nikafua mashati upya, nikaanika.

Ukaingia na begi lako unajisifu umepunguziwa bei. Ukaona mashati bado yanatiririka. "Mathe, hizi si ulifua asubuhi? Na chai je?" Nikakwambia nilipitiwa na usingizi. Ukanitazama macho, kama kawaida yako. Nayo yalikuwa yametulia. Ukaridhika, ukaanza kujaribu zipu.

Wewe, mlinzi wangu, uliye na macho ya kipanga, hukuona kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu kilichobaki cha kuona. Nilikuwa nimekimaliza. Nilikaa jikoni nikinywa chai yangu na furaha ikanijaa mpaka nikataka kugonga ukuta tena. Kwa miaka hii yote nilidhani ninasimama kwa sababu umenishika.

Litarudi, bila shaka. Nitaketi. Nitatazama tundu. Nitagonga ukuta. Na jioni nitakupigia simu nikusimulie, nawe utaniambia mtambo gani umefungua na umebakiza skrubu ngapi ambazo hujui zinatoka wapi. Na huko Kisumu nawe utakuwa na siku ambazo sakafu inasogea, ingawa masikio yako ni mazima. Usione haya kuketi. Halafu uinuke uende kazini.

Unga umepumzika vya kutosha na nasikia geti, huenda ni wewe, kwa hiyo namaliza. Kesho nitakusindikiza mpaka stejini. Nitavaa sweta mpya, ile ya kijani niliyomaliza kufuma jana, viwiko vyote viwili vizima, na nataka vibaki hivyo. Tukivuka barabara, tembea kando yangu tu. Na basi likifika usinishike kiwiko, Kioko. Nikumbatie kwa mikono miwili, kama watu wanaoagana, kisha uniachilie.

Nitasimama.

Mama Kioko, mama yako